Nguzo 134 za nini?

SWALI: Mhariri habari za kazi, nimeona picha za hekalu la Karnak kule Misri, nguzo zimebanana balaa, mbona makanisa ya zamani ya Ulaya ndani yako wazi tu? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Salama ndugu. Ukumbi ule una nguzo 134, sababu ni jiwe lenyewe, ukililaza juu ya nguzo zilizoachana mbali linapasuka upande wa chini, ikabidi wazisogeze karibu karibu. Warumi wakaja na matao na zege, Pantheon, hekalu lao kule Roma, kuba lake lina upana wa mita 43 bila nguzo katikati, hapo mimi huwa nastaajabu kweli! Shida tao linasukuma kuta nje, ndo maana mafundi wa kanisa kuu la Chartres kule Ufaransa baada ya moto wa 1194 wakaegemeza matao mengine kwa nje kuzishikilia kuta, ndipo madirisha yakawa makubwa ajabu.