Fremu za santuri: pima kava kwanza

Kaka, umeuliza kama fremu ya ndani sentimita 30 itatosha kwa santuri za marehemu baba yako. Haitoshi. Santuri kubwa yenyewe ina kipenyo cha sentimita 30 hivi, lakini kava lake hufika 31.5, na ya zamani hayalingani. Pima la kwako kwa rula kabla hujampa fundi wa kukata mbao kwa leza mchoro, kisha ongeza milimita 2 kila upande. Plaiwudi ya milimita 4 inatosha. Ibandike tepu ya karatasi moshi wa leza usiichafue, na mkate kona moja ya majaribio, maana leza nayo hula mbao kidogo na viungo hulegea.

Ila kwetu Dodoma adui mkubwa ni jua. Tafadhali usizitundike ukuta unaopigwa na jua la alasiri: santuri hupinda kwa joto na rangi za kava hupauka. Mgongo uwe wa kufunguka, siku ukitaka kusikiliza muziki wa mzee uitoe bila kubandua gundi.

Na fundi asichonge jina kwenye santuri yenyewe! Ile ni PVC, aina ya plastiki; leza ikiiunguza hutoa gesi ya sumu inayoharibu mapafu na mashine.