“Bodi inapata moto”: imewaka au inaungua?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa mashine za gemu hapa Tanga, na siku hizi naandika maelekezo ya kuweka bodi za ziada ndani ya mashine za zamani. Kwenye maelekezo ya Sega Dreamcast nimeandika hivi: “Ukishatoa kisoma diski, chomeka GDEMU. Bodi hii inapata moto kwenye soketi ileile, ila njia ya volti 12 inabaki na moto bila kazi.” Shemeji yangu aliyeko Nakuru kaisoma, akapiga simu kuuliza kwa nini nafundisha watu kuunguza mashine. Yeye anataka niseme “stima”. Wengine wananiambia “chaji”, wengine “nguvu”. Nishike lipi? Na ile bodi inayotoa umeme humo ndani niiite “ugavi wa umeme” au niache tu “pawa saplai”?

JIBU: Marahaba, fundi. Shemeji yako hajakosea kushtuka. Sentensi yako ni Kiswahili kizuri cha mdomoni, na mtu aliyesimama pembeni yako kwenye meza ya kazi angekuelewa bila shida. Tatizo limeanzia pale maneno yalipoondoka mezani na kusafiri hadi Nakuru.

“Moto” kwa maana ya umeme hatuwezi kulikana. Mama akimkataza mtoto “usiguse, huo waya una moto”, hakuna anayetafuta maji ya kuzima. Betri ya tochi ikiisha tunasema haina moto. Lakini neno hilo halijaacha kazi yake ya kwanza, na ndugu zake wanaandamana nalo: kuwaka ni kupata umeme, na kuwaka ni kuungua vilevile. “Redio imewaka” ni habari njema. “Imewaka moto” ni msiba. Tofauti yote imebebwa na neno moja mwishoni, na msomaji mwenye haraka huliruka.

Kwenye Dreamcast utata huo unakuwa mbaya zaidi, kwa sababu joto ni sehemu ya mjadala wenyewe. Kwa wasomaji wasioijua: mashine hii ilitoka Japani Novemba 1998, na GDEMU ni bodi inayokaa mahali pa kisoma diski ili gemu zisomwe kwenye kadi ya SD. Bodi ya umeme ya Dreamcast inatoa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kisoma diski ndicho kilichokuwa mlaji mkubwa wa volti 12, GDEMU haizihitaji. Ukishabadilisha, njia ile inabaki karibu bila mzigo, na mafundi wengi wamelalamika kuwa bodi ya umeme inapata joto kuliko zamani. Sasa rudi usome maneno yako: “njia ya volti 12 inabaki na moto”. Je, una maana ina umeme, au ina joto? Kwa bahati mbaya yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na kila moja lina dawa yake. Kwa hiyo katika maandishi ya kazi hii mimi ningesema umeme ni umeme na joto ni joto, na “moto” ningeuacha kwa siku ambayo kuna moshi.

“Stima” ni neno halali la Kenya, na fundi wa Nakuru akiandikia watu wa Nakuru alitumie bila aibu. Lakini “umeme” linaeleweka kwa Mkenya kama kwa Mtanzania, ilhali huku Tanga kuna wazee ambao stima kwao ni meli. Maelekezo yanayokwenda mbali yachukue neno linalofika mbali.

“Chaji” lina makazi yake, na Dreamcast inatupa mifano miwili mizuri. Ndani yake kuna betri ndogo ya saa, ML2032, ambayo mashine huichaji yenyewe. Watu hupenda kuibadilisha kwa CR2032, ambayo haichajiwi, ndiyo maana wanaojua huongeza dayodi ya kuzuia umeme usirudi kwenye betri. Hapo “kuchaji” ni neno lenyewe hasa, na ukilimwaga kila mahali utamnyima msomaji onyo hili. Mfano wa pili ni kapasita kubwa ya bodi ya umeme, yaani kile kifaa kinachotunza chaji. Katika mashine ya Ulaya inayotumia volti 230 za ukutani, kapasita hiyo hukaa na takribani volti 325 za mkondo mnyoofu (DC). Umechomoa waya ukutani: umeme hauingii tena, lakini chaji bado imo, na inaweza kukurusha. Mtu aliyezoea kuita kila kitu “moto” ataambiwa “hakuna moto, fungua tu”. Bodi ya GDEMU yenyewe haichajiwi. Inapewa umeme basi.

Ninaloliogopa kabisa ni “nguvu”. Mtu akiandika “tumia adapta yenye nguvu zaidi”, kasema nini? Yupo atakayenunua ya ampea nyingi, na huyo pengine atasalimika. Yupo atakayenunua ya volti nyingi, na huyo ataunguza mashine ya watu. Hata “umeme mkubwa” na “umeme mdogo” tunavyosema nyumbani taa zikififia, huwa tunamaanisha volti, lakini hatutaji. Kwenye ukurasa wa fundi zitaje. Anayeleta Dreamcast ya Japani, iliyotengenezwa kwa volti 100, hapaswi kuambiwa kwamba “umeme wa huku ni mkubwa kidogo”. Aambiwe namba.

Sasa vitenzi, maana huko ndiko Kiswahili kimetuwekea akiba ambayo mafundi wanaoandika hawaigusi. Wengi huandika “inatoa pawa kwenda kwenye bodi”, kama vile lugha imeishiwa. Lakini kila nyumba inajua kuwa pasi inakula umeme. Kifaa kinakula, chanzo kinakilisha. Hizo mbili, kula na kulisha, zinakutosha kwa kazi yote: njia ya volti 5 inalisha feni, feni inakula miliampea kadhaa, rezista ya omu 100 ukiiweka kwenye volti 12 inakula ampea 0.12 na kuzigeuza kuwa joto la wati 1.44, kwa hiyo usiweke ya robo wati. (Kama kuongeza mzigo wa namna hiyo kunasaidia au kunazidisha joto tu ndani ya kasha, mafundi wanabishana, na mimi sitaingia kati.) “Kuvuta umeme” nalo linatumika, ila kumbuka kuwa kwa Watanzania wengi kuvuta umeme ni kuunganishiwa nyumba: nguzo, waya, mita ya Luku. “Bodi imevuta umeme” inachekesha kidogo.

Uzuri wa kula ni kwamba linasahihisha kosa la kimantiki. Watu huandika “adapta hii inapeleka ampea 2.7 kwenye bodi”. Haipelekei mtu. Adapta inatenga chakula, anayekula ndiye anayeamua kiasi. Chukua Nintendo 64: adapta yake ya Marekani imeandikwa volti 3.3 kwa ampea 2.7, na volti 12 kwa ampea 0.8. Andika “inaweza kulisha hadi ampea 2.7”. Neno “hadi” ni fupi, lakini bila hilo umesema uongo. Tazama pia kuwa hapo hakuna volti 5. Anayetaka kuweka ndani bodi ya volti 5 lazima azishushe kutoka 12, na “kushusha” ndicho kitenzi chake. “Kupunguza umeme” kinaacha swali la ni kipi kilichopungua. Akishusha kwa kile kidude cha miguu mitatu cha 7805, bodi ikala nusu ampea, basi wati 2.5 zinafika kwenye bodi na wati 3.5 zinapotea kama joto. Kasha la Nintendo 64 halina feni, kwa hiyo hapa tena usiseme “7805 ina moto”. Sema inachemka.

Kuhusu “ugavi wa umeme”: ugavi ni tendo, ni kazi ya kugawa. Kwenye habari za shirika la umeme linakaa vizuri, ila huwezi kumwambia mtu “fungua skrubu nne, toa ugavi”. Kitu cha kushikwa mkononi kiite “bodi ya umeme” kikiwa ndani ya mashine, “adapta” kikiwa nje. “Pawa saplai” sina ugomvi nayo, dukani ndiyo itakayokupatia mzigo. Itaje mara moja mwanzoni ili mteja aijue, kisha endelea na bodi ya umeme.

Sentensi yako ningeiandika hivi: “Ukishatoa kisoma diski, chomeka GDEMU kwenye soketi yake. Soketi hiyo ndiyo inayoilisha. GDEMU haili volti 12, kwa hiyo njia hiyo inabaki na umeme karibu bila mzigo, na bodi ya umeme inaweza kupata joto kuliko kawaida.” Imerefuka, lakini shemeji hatapiga simu.

Hukuniuliza, ila nimeona chini ya ukurasa wako umeandika “angalia usipate shoti”. Mtu hupigwa shoti. Bodi hupiga shoti. Kama unamwonya msomaji kuhusu vidole vyake, andika “usije ukapigwa shoti”. Kama ni pini sita za bodi ya umeme zisigusanishwe na risasi ya kulehemu, andika “zisije zikapiga shoti”.