Maji ya sukari ya chozi yanachacha

SWALI: Wahariri, salaam. Chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, hawakosekani kwenye mishubiri ya mbele ya nyumba yetu. Nimesoma jinsi Wamarekani wanavyowawekea ndege wavumaji maji ya sukari, nikaiga: asali vijiko vitatu, maji moto na rangi nyekundu ya keki, ndani ya chupa ya soda iliyopinduliwa juu ya kisahani. Siku ya tatu ikaota ukungu mweusi, sisimizi wakajaa. Tena chupa inavuja mchana tu, asubuhi haivuji. Nakosea wapi?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Ondoa asali. Ikishachanganywa na maji huchacha upesi na kuotesha kuvu wanaoweza kumdhuru ndege. Rangi pia haina kazi; kama unataka wekundu, funga utepe mwekundu shingoni mwa chupa. Tumia sukari nyeupe, robo kikombe kwa kikombe kizima cha maji. Kwa kikombe cha maji cha mililita 250, robo hiyo ni kama gramu 50 za sukari. Sukari ya kahawia na sukari guru ziache, zina madini ya chuma mengi kuliko anayohitaji ndege huyu.

Pasha maji, koroga sukari iyeyuke, epua. Ukiyaacha yatokote bila mfuniko yanapungua, na kipimo chako kimeharibika. Yapoe kabisa ndipo ujaze. Lakini usidhani kuchemsha kunayalinda: mdomo wa kwanza wa ndege ukiingia, hamira imeingia nao. Waliokulia penye ulanzi, pombe ya mianzi, wanalijua jambo hili, leo mtamu, kesho mkali. Kwa hiyo badilisha kila baada ya siku mbili, au siku nne kwenye baridi ya Juni na Julai. Yakiwa na utando kama maji ya mchele, mwaga hata kama ni jana tu. Yaliyobaki jikoni hukaa kwenye friji wiki moja.

Chupa isafishwe kila unapobadilisha, kwa maji moto. Kama huna brashi, tia kiganja cha mchele mkavu na maji kidogo, tikisa kwa nguvu. Ukungu ukikataa, loweka saa moja kwa siki kipimo kimoja na maji viwili, kisha suuza mpaka harufu iishe.

Kuvuja kunatokana na hewa iliyo juu ya maji. Jua likiipasha inatanuka na kuyasukuma nje. Tumia chupa ndogo, ijaze pomoni, itundike kivulini. Nyuki nao hupungua hapo. Kwa sisimizi, toboa kifuniko cha kopo, pitisha waya wa kutundikia, ziba tundu kwa nta, kisha kijaze kifuniko hicho maji, kikae juu ya chupa ili sisimizi wasivuke. Usipake grisi, ikigusa manyoya haitoki.

Fungia na kijiti karibu na kisahani. Ndege wavumaji, wanaopatikana bara la Amerika tu, hunyonya wakiwa wamesimama hewani. Chozi hupenda kutua.

SWALI: Je, wakizoea sukari wataacha kula vingine?
Msomaji, Njombe

JIBU: Hapana. Chozi hula pia wadudu na buibui, na makinda hulishwa hao hasa. Ukipulizia dawa ya wadudu bustanini, chupa yako haitaziba pengo hilo.