Maswali na majibu: Kiswahili kilipopanda jukwaa la Eurovision

Shikamoo. Kaka yangu anashikilia kwamba Mkenya alishawahi kuimba Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, tena kwa Kiswahili. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Kaka yako yuko sahihi, ila nusu. Stella Mwangi alizaliwa Nairobi mwaka 1986, akahamia Norway na familia yake akiwa bado mdogo. Mwaka 2011 alishinda Melodi Grand Prix, mchujo wa nyumbani kwao huko, akapelekwa Düsseldorf, Ujerumani, na wimbo "Haba Haba". Bendera ilikuwa ya Norway. Beti ni za Kiingereza, zinasimulia aliyoambiwa na bibi yake utotoni. Kiswahili kimekaa kwenye kibwagizo, ile methali ya kibaba.

Mbona alitolewa mapema hivyo? (Msomaji, Kisumu)

Hili ndilo linaloniuma. Norway wimbo ulishika namba moja kwenye chati, watu wakaona fainali hiyo hapo. Nusu fainali ya Mei 10 ilikuwa na nchi 19, za kupita 10. Norway ikawa ya 17 kwa pointi 30.

Wengine walilaumu lugha. Sikubali. Mwaka 2007 Serbia ilishinda kwa Kiserbia, na 2017 Salvador Sobral wa Ureno akashinda kwa pointi 758 akiimba Kireno mwanzo mwisho. Mimi naona mambo mawili. Kwanza, zamu: Stella alipanda wa pili, mara tu baada ya Poland, kisha zikafuata nyimbo 17 kabla hesabu ya kura haijafungwa. Pili, kanuni za wakati ule. Ala hurekodiwa, lakini sauti zote zilitakiwa kuimbwa papo hapo, na jukwaani watu wasizidi sita. Studio kibwagizo kile kimejaa waitikiaji, kinasikika kama harusi nzima imeitika. Pale Düsseldorf, kwa masikio yangu, kilipwaya. Na nusu ya matokeo ilikuwa mikononi mwa majaji, ambao hawachezi, wanasikiliza sauti.

Kwani Wakenya wa Oslo hawakumpigia kura? (Msomaji, Mombasa)

Wangependa! Nchi haijipigii kura. Na ndugu zao wa Nairobi hawakuwa na njia, maana kura za nchi zisizoshiriki zilianza 2023. Siku hizi hata ukiwa Mombasa unapiga mtandaoni kwa kadi ya benki, na unakatwa hela. Usijipe matumaini makubwa lakini: kura za walimwengu wote hao hujumlishwa na kuhesabiwa kama za nchi moja.

Je, ni lazima nchi iimbe lugha yake? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Sharti hilo liliondolewa 1999.

Kaka, sisi Afrika Mashariki tutaingia lini? Diamond si angewamaliza wote? (Msomaji, Dar es Salaam)

Tuliza presha. Anayeingia si serikali wala msanii, ni shirika la utangazaji, tena liwe mwanachama kamili wa Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU. TBC na KBC hawamo kwenye orodha hiyo. Baadhi ya mashirika ya Afrika Kaskazini wamo, ndiyo maana Moroko iliweza kumtuma mwimbaji Samira Bensaïd The Hague, Uholanzi, mwaka 1980, akaimba kwa Kiarabu. Alipata pointi 7, zote kutoka Italia, akawa wa 18 kati ya 19. Moroko haikurudi tena, na mpaka leo hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyoshiriki. Australia, iliyo mbali kuliko sisi, iliingia 2015 kwa mwaliko tu.

Kwa hiyo Diamond afuate mlango wa pembeni: atafute nchi ya kumchukua. Kanuni za EBU hazimdai mwimbaji uraia. Céline Dion ni Mkanada, na mwaka 1988 aliishindia Uswisi.