Kompyuta ya mfukoni: anza na vidole vyako

Wengi wanaotafuta kompyuta ya kuingia mfukoni huanza na prosesa gani, RAM ngapi, hifadhi kiasi gani. Wenzangu wakiniuliza hivyo huwa nawarudishia swali: unataka kuandika nini, na utakuwa umekaa wapi? Mimi ni mwandishi wa habari wa kujitegemea. Maneno mengi ninayoandika yanaandikwa mbali na meza, kwenye kiti cha basi la Lindi, kwenye boti ya Unguja, kwenye benchi nje ya ukumbi wa halmashauri huku madiwani bado wanavutana ndani. Laptopu ya kawaida ni nzuri ofisini. Safarini inataka begi, inataka meza, inataka soketi, na ukiitoa ndani ya daladala macho yote yanakugeukia. Simu nayo inakaa mfukoni bila shida, lakini kuandika habari ya maneno elfu moja kwa vidole gumba viwili ni adhabu. Nafasi iliyo kati ya hivyo viwili nimeihangaikia kwa miaka mingi, na haya ninayoyasema nimeyashika kwa mikono yangu.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni kibodi. Kwenye kibodi ya kawaida, kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya kinachofuata ni kama milimita 19. Herufi kumi za safu ya juu peke yake zinakula karibu sentimita 19, na hapo bado hujaweka kitufe cha kufuta wala cha kushuka mstari. Mfuko wa shati hauna upana huo. Kwa hiyo kila kompyuta ya mfukoni imepunguza vitufe, na swali ni imepunguza kiasi gani na imetupa vitufe gani. Mikono yangu inakubali mpaka milimita 13 hivi. Hapo bado naandika kwa vidole vyote baada ya kuzoea. Chini ya hapo narudi kwenye vidole gumba, na kama ni vidole gumba, simu ninayo tayari.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna jambo letu la kuangalia, na sijaona mtu akiliandika. Tafuta ritifaa, ile alama ya ng', iko wapi. Watengenezaji wakibanwa na nafasi, alama hiyo ni ya kwanza kusukumwa pembeni au kufichwa chini ya kitufe cha Fn, kile cha kuitia kazi ya pili ya kitufe kingine. Andika ng'ombe, king'ora, Chang'ombe, ng'ambo, king'amuzi. Kama kila mara unalazimika kushika Fn kwa mkono mmoja na kutafuta herufi kwa mkono mwingine, mwendo wa kuandika unavunjika katikati ya neno, na baada ya kurasa mbili utaanza kuikwepa alama hiyo na kutuma habari yenye makosa. Angalia pia W, K na A, herufi ambazo hatuandiki sentensi bila hizo. Vitufe vya pembeni mara nyingine hufanywa vyembamba kuliko vya katikati, na A iko pembeni kabisa.

Kibodi bora niliyowahi kuitumia kwenye mashine ya mfukoni ni ya zamani. Kampuni ya Psion ya Uingereza ilitoa Series 5 mwaka 1997: urefu sentimita 17, upana 9, unene sentimita mbili na ushee, uzito gramu 354. Ukiifunua, kibodi inateleza kuja mbele na kioo kinajilaza nyuma yake, kwa hiyo uzito unatulia katikati na mashine haipinduki unapogusa kioo kwa kalamu yake. Aliyebuni umbo hilo ni Martin Riddiford. Mimi nilipata toleo la 1999, Series 5mx, likiwa mtumba, mkononi mwa jamaa yangu aliyerudi kutoka Uingereza. Prosesa yake ni ya megahezi 36, memori yake megabaiti 16, kioo chake cha kijivu. Simu ya bei ya chini ya leo inaiacha mbali sana kwa nguvu. Lakini ukibonyeza kuwasha, ukurasa ulioacha jana uko palepale, na kishale kinawaka pale ulipokatiza sentensi. Hakuna kusubiri, hakuna nywila tatu, hakuna ujumbe wa kukuambia kuna toleo jipya la programu.

Ni mfumo endeshi wa mashine hizo, EPOC, uliozaa Symbian mwaka 1998, mfumo uliokuja kuendesha simu nyingi za Nokia. Kwa hiyo waliotembea na Nokia 6600 au N70 hapa kwetu walikuwa na sehemu ya kazi hiyo mfukoni. Psion yenyewe ilitangaza mwaka 2001 kwamba inaachana na kompyuta za namna hiyo, na mpaka leo naona lile lilikuwa pengo kubwa. Mwaka 2018 kampuni ya Planet Computers ya London ilitoa Gemini, yenye Android na laini ya simu ndani yake, na Riddiford huyohuyo ndiye aliyebuni. Pengo lilizibwa kwa sehemu.

Simshauri mtu anunue Psion leo ili afanyie kazi ya kila siku. Kutoa maandishi ndani yake ni safari: unachomoa kadi yake ya kuhifadhia ya aina ya CompactFlash, unatafuta kisomeo chake, unageuza faili. Waya bapa wa kioo chake unajulikana kwa kukatika kadiri umri unavyosonga, na vipuri ni vya kuchomoa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha kipimo ambacho vipeperushi vya matangazo havikiweki: muda kati ya mkono kuingia mfukoni na neno la kwanza kuandikwa. Diwani akisema jambo zito, hakusubiri. Pima muda huo kwa saa ya simu yako kabla ya kupima kitu kingine.

Kuna mashine nyingine ya enzi hizo inayofaa kukumbukwa na watu wa hesabu, HP 200LX ya mwaka 1994. Ilikuwa na MS-DOS 5.0, mfumo endeshi wa kompyuta za wakati ule, na Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya hesabu, imejengewa ndani, mahesabu yote ya ofisi kwenye kiganja. Vitufe vyake vilikuwa vidogo mno kwa mwandishi, lakini kwa mtu wa tarakimu vilitosha kabisa, maana pembeni ilikuwa na safu nzima ya namba peke yake. Mhasibu na mwandishi hawawezi kuwa na kompyuta moja bora.

Sasa betri. Psion na HP zote mbili zilikula betri mbili za AA, zile za rimoti na saa ya ukutani, ambazo duka lolote la kijijini linazo. Uhuru huo umekwisha. Betri za leo zimefungiwa ndani, kwa hiyo uhuru wako uko kwenye chaja. Usinunue kompyuta ya mfukoni yenye chaja ya peke yake ya tundu la duara. Chaja hiyo ikipotea Tunduru, umekwama Tunduru. Itake USB-C. Halafu usiishie kuona tundu la USB-C ukaridhika, kwa sababu baadhi ya kompyuta ndogo zinataka volti za juu kuliko zile 5 za chaja ya kawaida ya simu, na ukiichomeka kwenye pawabenki ya bei nafuu haipokei kitu. Nenda dukani na pawabenki yako mwenyewe, chomeka, ona alama ya chaji ikitokea.

Jambo la pili la betri ni usingizi. Kompyuta moja ndogo niliyotembea nayo nilikuwa naifunga asubuhi ikiwa imejaa, mchana naitoa kwenye begi ikiwa ya moto na chaji imeshuka vibaya. Ilikuwa imefungwa lakini haijalala. Ndani ilikuwa inaendelea na mambo yake. Niliiweka ijizime kabisa kila kifuniko kinapofungwa, joto likaisha, lakini kuwaka kwake kukawa kwa taratibu. Mashine za mfumo wa simu, yaani Android, kwa kawaida zinalala vizuri zaidi na kuamka mara moja. Kwa mtu ambaye kazi yake ni maandishi, barua pepe na majedwali madogo, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuzipa nafasi ya kwanza.

Na mfuko. Jeff Hawkins, mwanzilishi wa kampuni ya Palm, kabla ya kampuni hiyo kutoa Pilot, kompyuta yake ya kwanza ya kiganjani, mwaka 1996, alichonga kipande cha mbao cha ukubwa aliokuwa anautaka, akatembea nacho kwenye mfuko wa shati na kujifanya anakitumia mikutanoni. Fanya hivyohivyo kwa kadibodi. Chukua vipimo vya mashine unayoitamani, kata vipande, vibandike mpaka vifikie unene wake, funga ndani yake kitu chenye uzito uleule, kisha ishi nacho. Panda nacho bodaboda. Keti nacho. Inama ufunge kamba za viatu. Utajua mapema kwamba mfuko wa suruali ni wa simu tu. Kitu cha sentimita 17 kinataka mfuko wa koti, au kizibao chenye mifuko mipana kama tunavyovaa wengi wetu kwenye kazi hii. Dada zetu wanaotembea na mkoba mdogo wa begani wana nafasi kuliko sisi, nao wanaweza kufikiria hata mashine ya inchi 7.

Za inchi 7 zimerudi kwa nguvu tangu kampuni ya China, GPD, ilipotoa Pocket mwaka 2017: sentimita 18 kwa 10.6, gramu 480, Windows kamili, RAM ya gigabaiti 8. Ni laptopu halisi iliyopunguzwa mwili. Kama kazi yako inadai programu ambayo haipo kwenye simu, njia yako ni hiyo na usipoteze muda kwingine. Mwaka 2019 kampuni hiyohiyo ilitoa MicroPC ya inchi 6, yenye tundu la waya wa mtandao na tundu la RS-232, lile la kizamani ambalo mafundi hulitumia kuunganisha vifaa vya mitandao. Kwa fundi wa mitandao anayepanda ngazi kwenda kusanidi rauta au swichi, kile ni chombo chake hasa, anakishika kwa mikono miwili na kuandika kwa vidole gumba akiwa amesimama. Kwa mwandishi hakifai.

Wengi wanaonisoma hapa, hata hivyo, hawahitaji kununua kompyuta yoyote. Wanahitaji kibodi ya kukunja ya blututhi na simu waliyonayo. Tangu Samsung ilipoleta DeX mwaka 2017 kwenye Galaxy S8, baadhi ya simu zinaweza hata kuchomekwa kwenye skrini kubwa zikawa na madirisha kama ya kompyuta, lakini hata bila hilo, simu iliyosimamishwa mezani na kibodi mbele yake inaandika kitabu. Chagua inayokunjwa mara moja katikati, maana zile za kukunjwa mara tatu hulegea viungo haraka, na angalia kitufe cha nafasi kisiwe kimekatwa vipande viwili pale dole gumba linapotua. Udhaifu wake ni mapajani. Bila kitu kigumu chini yake inajikunja unapoandika, na simu haina pa kuegemea. Mimi hubeba ubao mwembamba wa kubania karatasi, ule wa makarani wa sensa. Kibodi na simu vinakaa juu yake na basi likiruka tuta havihami. Jua pia kwamba simu inafanya kazi mbili kwa betri moja. Ukiandika mchana kutwa, jioni mhariri akikupigia unaweza kuwa huna chaji ya kupokea.

Ushauri wangu ukiulizwa bila kuzunguka: anayeandika mezani, hotelini au mgahawani, achukue kibodi ya kukunja. Anayeandika mapajani na ndani ya vyombo vya usafiri atafute mashine ya kufunua kama kitabu yenye bawaba ngumu, iliyo kipande kimoja, hata kama ni ya miaka kadhaa nyuma. Mimi niko kundi la pili, na kibodi ya kukunja imebaki kwenye begi kama akiba.

Mashine hizi hazipatikani kirahisi kwenye maduka yetu, nyingi huagizwa nje au huja na wasafiri. Kabla ya kuagiza, ongea na fundi wako wa Kariakoo au popote ulipo, umwonyeshe picha ya ndani ya mashine, umuulize kama betri yake inafunguka kwa skrubu au imegundishwa, na kama anaweza kupata nyingine inayolingana. Uliza ushuru kabla mzigo haujafika. Kama ni mtumba, iweke juu ya meza tambarare ikiwa imefungwa. Ikiyumba au kifuniko kikiacha mwanya katikati, huenda betri imevimba, irudishe. Ifunue nusu na uiachie: bawaba nzima inashikilia kioo pale ulipokiacha, iliyochoka inakiangusha. Kisha omba kiti na uandike ukurasa mzima wa Kiswahili, ukibonyeza kila herufi, uone kama kuna inayojirudia au inayogoma. Muuzaji asiyekuruhusu kuandika ukurasa mmoja, mwachie mashine yake.