Mtoto asiwe mkalimani mbele ya daktari

Swali la wiki hii lilikuwa: "Je, ni sawa mtoto kumtafsiria mzazi wake anapokwenda hospitalini?" Jibu langu ni hapana. Nalitoa nikiwa mtoto ninayesikia wa wazazi wawili viziwi, tena kifungua mimba, kwa hiyo kazi hiyo iliniangukia mimi kabla ya wadogo zangu wote.

Sina ugomvi wowote na kukua kati ya lugha mbili. Lugha ya alama ndiyo iliyonilea, na ni lugha kamili. Mwaka 1991 watafiti Laura-Ann Petitto na Paula Marentette walionyesha kwamba watoto viziwi wanaozungumziwa kwa alama tangu wazaliwe huanza kubwabwaja kwa vidole, kama wenzao wanavyobwabwaja ba-ba-ba kwa mdomo, na katika umri uleule. Ubongo wa mtoto haudai sauti. Unadai lugha, na mtu wa kumtazama na kumjibu. Hayo wazazi wangu walinipa bila upungufu. Kumweleza muuza duka anachotaka mama, kupokea simu, kumpa baba habari za redioni: hayo yote hayakunidhuru, na naamini yalininoa. Wanaosema ukalimani humkomaza mtoto, hadi hapo tuko pamoja.

Mbele ya daktari ni habari nyingine. Nilikuwa na miaka 11 mama alipolazwa akitokwa na damu. Daktari alikuja kitandani, akanitazama mimi, akasema: "Mwambie mama yako mimba imeharibika, itabidi asafishwe." Hata kwamba ni mjamzito sikuwa najua. Na alama ya kusafisha niliyoijua ilikuwa ya vyombo na sakafu. Nikaunga nilivyoweza. Mama aliniuliza kitu, nikageuka kumuuliza daktari, naye alikuwa ameshahamia kitanda cha pili. Muuguzi akaleta fomu ya ridhaa, mama akaitia sahihi.

Sahihi ile ilikuwa ridhaa ya nini hasa? Ridhaa ina maana pale tu mgonjwa anapoelewa atafanyiwa nini, kuna hatari gani, na kama kuna njia nyingine. Yote hayo yalipaswa kupita kwa mtoto ambaye bado hajafundishwa habari za uzazi.

Watu wakizungumzia jambo hili huhofia zaidi mtoto kukosea maneno. Mimi nahofia zaidi yale yasiyosemwa kabisa. Mama hatamwambia daktari, kupitia kwa mwanawe, kwamba anapigwa nyumbani. Baba hatamwambia bintiye amuulize daktari kuhusu nguvu zake za kiume, au kidonda kilichoota mahali pa siri. Hujibu "hapana" na swali linapita, kisha daktari anaandika "hapana" kwenye faili na kuamua tiba kwa kuitegemea. Mtoto naye ana yake. Akisikia neno saratani, hulipunguza makali ili mzazi asiumie, au hulibeba peke yake hadi wafike nyumbani. Na mzazi aliyezoea kuwa mkubwa wa nyumba anajikuta mwili wake unajadiliwa kwa kibali cha mtoto. Uzito huo hauishii hospitalini. Unaingia mezani, unaingia kwenye malezi, na siku mzazi huyo akitaka kumkanya mwanawe wote wawili wanaukumbuka.

Wahudumu wengine hudhani kuna njia za mkato. Husema, "Si anasoma midomo?" Simama mbele ya kioo utamke bila sauti papa, baba, mama. Midomo inafanya kitu kilekile mara zote tatu. Sasa fikiria majina ya dawa, tena nyuma ya barakoa. Wengine husema, "Basi tumwandikie." Kwa baadhi ya viziwi hilo linatosha kabisa; aulizwe mwenyewe. Lakini wako wengi ambao shule iliwanyima lugha kabla ya kuwafundisha kusoma. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliazimia kwamba wafundishwe kwa mdomo, na alama zikapigwa marufuku katika shule nyingi duniani kwa vizazi kadhaa. Ni mwaka 2010 tu, mjini Vancouver, ambapo mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi ulipoyakataa rasmi maazimio hayo. Kumpa mtu aliyepitia shule ya namna hiyo karatasi yenye maneno ya kitabibu ni kumfungia mlango mara ya pili.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unazitambua lugha za alama kuwa lugha, na unataja wakalimani wenye taaluma miongoni mwa huduma zinazopaswa kupatikana. Marekani imekwenda mbele zaidi: kanuni zake zinakataza kumtegemea mtoto kama mkalimani hospitalini, isipokuwa katika dharura inayohatarisha usalama au ustawi wa mtu wakati hakuna mkalimani mwingine. Naiona kanuni hiyo ni ya haki. Mtu akiletwa anavuja damu, mwulize aliyepo. Miadi ya kliniki inayopangwa wiki mbili kabla si dharura.

Pasipo na mkalimani karibu, yuko anayeweza kupatikana kwa simu ya video. Daktari amtazame mgonjwa na kusema naye, "unaumwa wapi," aache "mwulize anaumwa wapi." Mwishoni amwombe mgonjwa aeleze kwa alama zake mwenyewe atakunywaje dawa, maana kutikisa kichwa si ushahidi wa kuelewa.

Na anayepanga miadi amuulize kila mgonjwa siku hiyohiyo: unatumia lugha gani, na utahitaji mkalimani? Swali hilo likisubiri hadi mgonjwa akae mbele ya daktari, atakayeitwa ni mtoto aliyemsindikiza.