Jibu: Sumu ya vipiri wenye vishimo kwa utafiti

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kupata sumu ya vipiri wenye vishimo kwa kukamua nyoka wa msitu wa Pugu. Hapana. Nyoka hao, wenye kishimo cha kuhisi joto kati ya jicho na pua, hawapo kabisa Afrika; wako Amerika na Asia. Kwetu kuna kifutu, naye hana kishimo hicho. Tafadhali usimguse.

Sumu ya utafiti huuzwa ikiwa unga. Nyoka hung'atishwa utando uliofunika mdomo wa bilauri, sumu hudondoka, kisha hugandishwa na kukaushwa. Nilipofungua kichupa mara ya kwanza, maabara hapa Upanga, niliona chenga za njano zilizotifuka kwa pumzi tu. Vaa barakoa na glavu, maana kuuvuta unga huo kunaweza kukuletea mzio mkali.

Mdai muuzaji jina la kisayansi la nyoka na eneo alikotoka, kwani sumu ya spishi ileile hubadilika kwa eneo, hata kwa umri. Kazi yako ina maana kubwa: captopril, dawa ya presha wanayomeza wazee wetu, chimbuko lake ni utafiti wa sumu ya jararaca, kipiri mwenye vishimo wa Brazili, na Marekani iliiidhinisha 1981. Vibali vya kuingiza sumu vifuatilie kabla hujalipa.